Nilifukuzwa rihabu siku ya 19 na nilistahili. Uzi kwa waliopewa nafasi na ndugu zao wanaolipa

Taniboi_Malaba:
Wakuu habari za saa hizi. Niko Elegu hapa, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, tangu jana mchana nangoja karatasi za mzigo nivuke Nimule, foleni haisogei, dereva wa mbele yangu ameshafua mpaka turubai, kwa hiyo wacha niandike hii kitu nimekuwa nikiiahirisha mwaka mzima.

Juzi rafiki yangu wa Tororo alinipigia simu analia, sio huzuni, hasira. Mtoto wake amefukuzwa rihabu wiki ya tatu na hela hairudishwi. Akaitukana ile rihabu weeee, ati wezi, ati wanataka tu pesa, ati mtoto kuonekana na simu ni kosa la kumfukuza mtu kweli? Nikamsikiliza, nikasema pole mzee. Sikuwa na mdomo wa kusema zaidi maana mimi 2021 niliyasema hayohayo, neno kwa neno, nikiwa nimekaa kwenye mtaro nje ya geti na begi langu.

Kwa ufupi mimi nilianza kama taniboi, msaidizi wa dereva wa lori, baadaye nikapewa gari, Malaba Kampala, Malaba Juba. Mnaojua hii barabara mnajua inavyokwenda, mairungi (miraa) ya kukuamsha, waragi (pombe kali yetu) ya kukulaza, na siku zikisonga huwezi kulala bila ya pili wala kuamka bila ya kwanza. Mwanzo ilikuwa vile vikaveera, vipakiti vya waragi, vya mia tano mia tano, serikali ikavipiga marufuku 2019 tukalia siku mbili, siku ya tatu tukaanza kuchanga chupa watu wanne, halafu wawili, halafu nikawa nachanga na mimi mwenyewe. Gari nikaliingiza mtaroni karibu na Karuma. Hakufa mtu, Mungu mkubwa. Mzigo ulikuwa mchele, wenyeji walisaidia "kupakua" mnavyojua.

Kaka yangu mkubwa akauza mtamba. Sio ng'ombe tu, mtamba mwenye mimba, ambaye mkewe alikuwa ameshamhesabia maziwa ya ada za watoto. Akanipeleka rihabu moja upande wa Entebbe Road (jina sitaji, msiniulize inbox). Getini wakanipekua. Pafyumu wakachukua, dawa ya kusukutulia mdomo wakachukua, simu ikaingia kwenye bahasha na jina langu juu. Kilikuwa kipindi cha korona, hata sanitaiza ilikuwa inafungiwa kabatini na ufunguo uko kwa nesi. Mimi nikaona dharau. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, naulizwa pafyumu?

Naendelea, ngoja foleni imesogea gari mbili.

Mama_Boi:
Tunangoja. Usitupotee kama wale wengine wanaanza uzi halafu wanahamia Marekani 😂

Kabongo_Transit:
Taniboi nakujua wewe, ule mchele wa Karuma tuliusikia mpaka Mombasa. Endelea.

Taniboi_Malaba:
Nimerudi. Kabongo acha hizo.

Sasa sheria za pale. Kuamka saa kumi na mbili, kutandika kitanda, kikundi saa tatu na mnakaa kwa duara mnaongea, kazi ya mikono, dawa unameza mbele ya nesi halafu unainua ulimi aone. Wageni hakuna mpaka wiki mbili ziishe, na baada ya hapo Jumapili tu. Hakuna mambo ya mapenzi na wagonjwa wenzio. Linalosemwa kwenye duara halitoki kwenye duara. Simu ya ofisi unapiga Jumatano, dakika tano.

Mimi nilizikubali zote kwa mdomo na nikasaini. Moyoni nilikuwa nasema hizi ni za mateja, mimi ni mlevi tu wa kawaida. Wale wa kikundi wanaongea mimi nahesabu mabati. Kaunsela ananiuliza nilikuwa nakunywa kiasi gani, nasema bia mbili tatu wikendi, na mikono inatetemeka mpaka kikombe cha chai kinagonga meno.

Siku ya 11 taniboi wangu wa zamani akaniachia mkate getini. Mkate mkubwa ule, ameukata chini vizuri akatoa nyama ya ndani, akaweka katochi (kasimu kadogo ka vitufe), akaurudisha kama haujaguswa. Mlinzi akaubonyeza juu akaupitisha. Nilijiona mjanja kuliko wote. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa biashara nikaanza kukodisha, simu moja kwa kipande cha sabuni, au sukari, au sigara mbili.

Mmoja wa wateja wangu alikuwa kijana wa Kisenyi. Huyu wake ulikuwa unga, heroini. Alikuwa na siku 40 safi, anaongoza hata sala ya asubuhi, anacheka, amenenepa. Akakodi simu kwangu mara moja tu, akasema anamsalimia shangazi yake. Nikampa, hata sikuuliza, nilikuwa nafikiria sabuni.

Shangazi gani. Usiku wa tatu baada ya hapo kitu kikarushwa juu ya ukuta. Saa saba za usiku tukasikia maji ya bafuni yanamwagika hayaishi, mwenzetu mmoja akaenda kufunga bomba akapiga yowe. Kijana yuko chini, midomo imegeuka rangi, anakoroma ile ya polepole unahesabu mpaka kumi ndio anavuta tena. Nesi wa zamu, mdada mwembamba hivi, alipiga magoti kwenye yale maji akampulizia hewa mdomoni mpaka pikapu ikaletwa. Akapona. Walimrudisha baada ya siku nne, akaanza upya siku ya kwanza.

Katochi wakaikuta kwenye godoro langu asubuhi ileile.

Sista_wa_Gulu:
Mimi ni nesi na hapo kwenye siku 40 nataka watu waelewe, maana ndugu wengi hudhani mtu akikaa bila unga mwezi mzima basi hatari imepungua. Kwa upande mmoja hatari inaongezeka. Mwili uliokuwa umezoea dozi kubwa umesahau, yeye kichwani anakumbuka kipimo kile cha zamani, anapiga kilekile, pumzi inasimama. Ndio maana wanaotoka rihabu au jela wiki za kwanza ndio tunawapoteza. Kwa hiyo mlinzi akibonyeza mkate wako si kwamba anakuonea. Na angeukata kabisa, kusema ukweli.

Mzee_Kiboko:
Haya mambo mnayakuza. Zamani mlevi alikuwa anafungiwa chumbani wiki moja na mtungi wa maji, anatoka mtu. Rihabu ni starehe za watu wa Kampala. Kijana wangu nilimfungia mwenyewe.

Sista_wa_Gulu:
Mzee wangu kwa heshima zote, ulibahatika. Pombe ni katika vile vitu ambavyo mtu aliyezama akivikata ghafla vinaweza kumuua, kuliko hata unga. Masaa 6 mpaka 12 baada ya glasi ya mwisho mtetemo unaanza, ndani ya siku mbili za mwanzo degedege inaweza kuja, na siku ya pili mpaka ya nne wengine wanaweweseka, wanaona wadudu ukutani, joto linapanda, moyo unakimbia. Huyo anataka dawa za kumtuliza zinazopunguzwa kidogokidogo, maji, na vitamini B1 maana ubongo wa mlevi umekaa na njaa yake. Mtungi wa maji hautoshi.

Na hapo ndio heshima ya kwanza ninayoitaka mimi kwa mgonjwa wangu, sio shikamoo wala kuniita madam. Aniambie kweli ni chupa ngapi. Taniboi alisema bia mbili. Tukipima dawa kwa bia mbili na wewe ulikuwa chupa nzima ya waragi kila siku, degedege itakukuta tumelala.

Taniboi_Malaba:
Sista umenipiga hapo hapo. Ilinikuta siku ya pili, niling'ata ulimi, alama iko mpaka leo. Na bado nikawalaumu wao.

Afande_Mstaafu:
Mimi nilikuwa jeshini miaka 22, sheria si kitu kigeni kwangu, na nikapata shida kuliko raia wote pale nilipopelekwa. Jeshini ukitandika kitanda ni kwa sababu afande anakuja. Rihabu hakuna anayekuja. Kaunsela wetu hakuangalia kitanda hata siku moja. Wiki nzima nikaacha kutandika kumjaribu, hakusema neno, siku ya nane akaniuliza kwenye kikundi "afande, ukiwa peke yako nani anakuamrisha?" Nilitaka kumpiga. Nimeandika hapa nikiwa na miaka mitatu sijagusa.

Mnubi_wa_Bombo:
Samahani nivuruge kidogo. Nyinyi mnasifu sheria, mimi nilipelekwa mahali nikafungwa mnyororo mguuni siku tisa, ukiuliza chakula unachapwa waya, kaunsela hakuna, daktari hakuna, kuna mwenye nyumba na mbwa. Nikaitoroka. Na mimi ndugu zangu mpaka leo wanasema "ulikataa nafasi". Nafasi gani?

Taniboi_Malaba:
Mnubi pole sana ndugu yangu, na ulifanya vizuri kutoroka. Hiyo haikuwa rihabu, hiyo ni jela ya mtu binafsi. Mimi tofauti naijua kwa kitu kimoja, ukiuliza "kwa nini" unajibiwa. Nilipouliza kwa nini pafyumu, mara ya pili nilipokuwa na akili ya kuuliza, nesi alinijibu bila hasira, kwamba ina spiriti, na walishakuwa na mtu aliyeinywa. Ukiuliza kwa nini mnyororo atakujibu nini, ati mbwa ana usingizi?

Sista_wa_Gulu:
Naongezea tu, Uganda tuna Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 inayozungumzia haki za mgonjwa. Mtu kuwa na uraibu hakumfanyi kuwa mbuzi wa kufungwa kamba. Ndugu kabla hamjalipa ombeni kuona wodi, ulizeni daktari anakuja siku gani, ulizeni nesi wa usiku ni nani. Wakikataa msiingie.

Mama_Boi:
Mnubi kama familia haijakusikia, sisi tumekusikia. Taniboi rudi kwenye hadithi, ulifukuzwaje?

Taniboi_Malaba:
Hapa ndipo nilipotaka kufika, na ndiyo sababu ya uzi wote.

Nilitegemea kelele. Hakukuwa na kelele. Mkuu wa pale, mzee mmoja mpole sana anavaa sweta hata jua likiwaka, aliniita ofisini akaiweka ile katochi mezani, akanirudishia bahasha yangu na pafyumu yangu, akasema "nimeshampigia kaka yako, begi lako liko tayari". Basi. Mimi ndio nilikuwa napiga kelele. Nikataja mtamba, nikasema ng'ombe wa kaka yangu mmemla, nikasema nitawapeleka polisi.

Nje ya ofisi kuna benchi. Pale benchini alikuwa amekaa mama mzee amevaa gomesi, mfuko umebeba blanketi, na kando yake kijana wa miaka kama ishirini anatetemeka, amekumbatia magoti. Nikawapita na hasira zangu hata salamu sikutoa. Nimefika getini nikakumbuka ndala zangu ziko chini ya kitanda, zilikuwa mpya, mlinzi akanisindikiza kuzichukua.

Wodini nikakuta yule nesi mwembamba, yule wa kwenye maji ya bafuni, anatandika kitanda changu shuka jipya. Ndala zangu ameshaziweka kwenye kimfuko dirishani. Yule mama wa gomesi amesimama mlangoni anachungulia kile kitanda. Aliniona, akaona begi, akaelewa. Akainama kidogo akaniambia "weebale, ssebo". Asante.

Jamani. Ananishukuru mimi. Anadhani nimepona nimempisha mtoto wake.

Nesi akaniambia taratibu tukitoka kwamba wale walikuwa wamelala stendi siku mbili wakingoja nafasi, vitanda vyote vilikuwa vimejaa. Siku mbili. Na mimi siku zile mbili nilikuwa nimelala kwenye hicho kitanda nakodisha simu kwa sabuni.

Nikaenda moja kwa moja kunywa, sitawadanganya. Nilikunywa miaka miwili mingine.

Kabongo_Transit:
Hapo kwa weebale nimesimamisha gari.

Mtoto_wa_Arua:
Miaka miwili mingine, na ungeweza kukosa hata hiyo. Kwetu Arua Agosti 2022 watu zaidi ya kumi walikufa kwa pombe ya gin ya chupa, siku chache tu, mazishi yanagongana. Wazee wa Kabale watawakumbusha 2010, waliokufa kwa waragi yenye methanoli, spiriti ya sumu, walifika kama 80. Wengine waliamka hawaoni kwanza. Mtu anakwambia nitaacha mwaka ujao, kana kwamba chupa ya leo ameikagua.

Taniboi_Malaba:
Kweli kabisa. 2022 mimi nilikuwa nalala kwenye kibanda cha chapati pale Malaba, nafanya lejaleja, napakua mahindi. Kaka yangu nikamrudia 2023 akaniambia neno moja, "ng'ombe zangu zimeisha", akafunga mlango. Hakunitukana, na mlango aliufunga polepole.

Nikaanzia hospitali ya serikali kwa ditoksi, kuitoa pombe mwilini, safari hii nikasema chupa kweli. Halafu nikaenda kwa yule mzee wa sweta. Sikuwa na hela ya kutosha, wenzangu wa stendi ya malori walichanga nusu, ile nusu mzee akasema nitaimaliza nikipata kazi. Ila masharti. Mwezi mzima hakuna mgeni. Nitaomba radhi kwenye duara mbele ya wote, niseme habari ya mkate na ya yule kijana bila kupunguza. Na sufuria za jikoni ni zangu.

Mnajua sufuria ya posho (ugali) ya watu 34? Ukoko wake unashika kama sementi. Unaloweka, unakwangua na mchanga na majivu, unainama mpaka nusu ya mwili iko ndani, jasho linadondokea humo. Wiki ya kwanza nililia ndani ya sufuria, kweli, kunasikika kama uko kisimani 😂. Ila kilichonishangaza ni kwamba nilipokuwa nakwangua sikuwa nafikiria pombe. Saa moja na nusu kila siku sikuwa nafikiria pombe. Mimi tangu nina miaka 24 sijawahi kupata saa moja na nusu kama hiyo nikiwa macho.

Na kwenye duara nikaanza kusikiliza. Kaunsela alikuwa na msemo wa wale watu wa AA, chama cha walevi wanaoacha (ilianzia Marekani 1935, walevi wawili tu wakisaidiana, mpaka leo Kampala vikundi vipo), kwamba ukiona hamu inakuja jiulize vitu vinne, una njaa, una hasira, uko mpweke, umechoka? Dereva wa Juba ana vyote vinne kabla ya saa nne asubuhi. Hakuna mtu aliwahi kuniambia hicho kitu ni kitu.

Afande_Mstaafu:
Ukoko ni kaunsela mzuri.

Mzee_Kiboko:
Mimi nilisema starehe. Sufuria ya watu 34 si starehe. Nimekubali hiyo moja.

Akello_wa_Lira:
Nimesoma kimyakimya tangu jana. Mdogo wangu ni unga, tuko Kampala, tumempatia nafasi Jumatatu hii baada ya miezi mitatu ya kuzunguka. Leo ameanza maneno, ati lazima aende na simu, ati dawa zake atajiwekea mwenyewe, ati huko wanadharau watu. Mama anasema tumkubalie tu aingie kwanza. Mimi nifanyeje kaka Taniboi?

Taniboi_Malaba:
Dada Akello, pole. Simu aiache nyumbani mkononi mwako, asiibebe hata mpaka getini, maana getini ndipo anapopata sababu ya kurudi. Mwambie mapema kila kitu kitakachochukuliwa ili kisimkute kama dharau. Na mama mpe heshima zake ila mwambie yeye ndiye atakayeombwa alete ule mkate, wagonjwa wote tunaanzia kwa mama. Atapiga simu ya ofisi wiki ya kwanza alie, aseme chakula kibovu, wanamtesa. Sikiliza. Ukisikia waya au mnyororo, nenda siku hiyohiyo ukaone kwa macho. Ukisikia posho na kuamka mapema, mwambie unampenda na ukate simu.

Sista_wa_Gulu:
Akello, kwa unga ulizeni pia kuhusu methadoni, dawa inayopewa badala ya heroini, hospitali ya Butabika walianza kuitoa 2020. Si kila mtu inamfaa, daktari ataamua. Ila nayo ina utaratibu wake, unaenda kila siku, unakunywa mbele yao, unaonesha mdomo. Asije akadhani ni njia ya kukwepa sheria. Ndiyo yenye sheria nyingi zaidi.

Taniboi_Malaba:
Karatasi zimetoka jamani, navuka. Mtandao ukikubali Nimule nitachungulia.

Akello_wa_Lira:
Leo Jumatatu, narudisha majibu kama mlivyonisaidia. Ameingia. Simu niliificha kwenye unga wa mama (unga wa posho Mzee Kiboko usianze). Kwenye begi wakapekua wakakuta pafyumu, alikasirika mpaka akasema anarudi nyumbani, akasimama pale getini dakika kama kumi na begi begani. Nesi hakumbembeleza, akakaa tu kwenye kiti na kalamu anangoja. Mwishowe akanipa mimi ile pafyumu akaingia, hakugeuka. Sasa niko kwenye taksi narudi Ntinda, kifuniko kilikuwa hakijafungwa vizuri imemwagika kwenye mkoba, abiria wote kumi na nne tunanukia yeye. Kondakta ananiuliza nyabo unaenda harusini?

Taniboi_Malaba:
😂😂 Jumapili ya wageni usiende na huo mkoba.